Tulipomtunza Marehemu wa Jukwaani

Nilianza na hema moja. Nalisema mapema kwa sababu wanaoniona leo, nikiwa na maghala mawili karibu na uwanja wa ndege na magari yenye jina langu ubavuni, hudhani nilirithi. Sikurithi hata kigingi. Shule niliachia darasa la sita, Tanga, na Kiingereza nimekiokota Toronto kama mtu anavyookota misumari iliyomwagika, mmoja mmoja, mingine imepinda. Hema lile nililinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara, limechanika pembeni. Nikalishona mwenyewe sebuleni, ghorofani kule Dixon, mtaa wetu wa hapa Toronto, mke wangu akiruka turubai kila akienda jikoni.

Haikupita miaka mingi, harusi kubwa za Waismailia wa Richmond Hill zikawa zinafanyika chini ya mahema yangu. Sikukuu za Wagoa, yangu. Watu walipozidi nafasi kule Thornhill wakati wa Muharram, niliyeitwa kufunika maegesho ya magari ni mimi. Muulize mtu yeyote wa Afrika Mashariki katika mji huu nani anafunga hema lisiloyumba. Atakutajia mimi, hata kama hanipendi.

Binti yangu alikulia ndani ya kazi hiyo. Tangu yuko sekondari ndiye aliyekuwa akikaa ofisini jioni, akipokea simu na kujibu barua za kompyuta. Mimi nikizungumza na mteja kwa simu, mteja ananiuliza kama naweza kurudia. Yeye akizungumza, mteja anaongeza viti. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa wazi: mimi nje na vigingi, yeye ndani na simu, na siku nikichoka, vyote viwe vyake. Kisha akaenda chuo kusomea maigizo. Nilimwacha. Nilidhani litapita, kama lilivyopita lile la kutaka kufuga sungura.

Sasa, asiyeijua nchi hii naomba nimweleze jambo moja. Toronto wakati wa kiangazi huwa nusu. Wenye uwezo hupanda magari Ijumaa mchana wakaenda kaskazini kwenye nyumba zao za ziwani, na vile vimji vya kandokando ya ziwa, ambavyo majira yote ya baridi huwa vimelala, huamka. Maduka ya aiskrimu yanafunguliwa, boti zinashushwa majini, na katika vitu vinavyoamka kuna maigizo. Kila kimji kina kikundi chake: kingine kinaigiza kwenye ghala la nyasi, kingine kwenye kanisa la zamani, kingine kwenye hema. Wanaonyesha vichekesho na visa vya urithi kwa watu waliovaa kaptula, pua nyeupe kwa mafuta ya kuzuia jua. Ikifika Septemba wanafunga, wanatawanyika.

Vikundi hivyo huchukua vijana wanagenzi. Mwanagenzi anauza tiketi, anapanga viti, anafagia, na akibahatika anapewa sehemu ndogo ya kuigiza. Binti yangu alichukuliwa na kikundi kimoja cha huko ziwani, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka Dixon kama barabara haijasongamana. Tukiwa mezani, mama yake akisikia, tukawekeana maneno. Kikundi kile kila mwaka hubakiza mwanagenzi mmoja kwa ajili ya kuzunguka vitongoji vya mji majira ya vuli. Akibakizwa yeye, mimi nimwache aende na maisha yake, nisinune, nisimpigie simu kumwambia simu za ofisini zinalia. Asipobakizwa, anarudi ofisini moja kwa moja na habari ya jukwaa inaishia hapo. Tukapeana mikono. Neno langu mimi nikilitoa limetoka, na mji mzima unajua.

Mwisho wa Julai akapiga simu. Huwa anazungumza Kiingereza na mimi namjibu Kiswahili, ndivyo tulivyo nyumbani kwetu. Hapa nayaandika yote kwa lugha moja.

"Baba, Jumamosi mchana kuna onyesho. Mwongozaji amesema baada ya onyesho hilo ndipo atasema nani anabaki."

"Nitakuja."

"Njoo na Mama. Wawili."

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Nije na mama yako."

"Wawili, Baba. Mkae, mtazame, basi."

Lakini mimi kwenda wawili sijui. Sijawahi kwenda popote wawili, labda hospitali. Dada yangu mkubwa alikuwa pale sebuleni, masikio yamesimama. Akasema, "Mtoto anapanda jukwaani, halafu mimi shangazi yake nikae ghorofani nihesabu ndege zinavyotua?" Akawaambia wanawake wa ghorofa ya chini, waliombeba binti yangu akiwa mchanga. Wao wakawaambia waume zao. Ijumaa jioni nilikuwa nimekodi basi la shule, lile la njano, na jikoni sambusa zinakaangwa kama tunakwenda kuoza mtoto.

Kati ya tuliokwenda alikuwamo mzee mmoja Mgoa, mstaafu, zamani karani wa bandari kulekule Tanga. Kiswahili chake kinanishinda mimi, na ndiye peke yake kati yetu aliyewahi kulipa tiketi ya maigizo ya Wazungu. Basi likiwa njiani alisimama kati ya viti, akashika bomba la juu, akatuhutubia.

"Jamani, huku maigizo ni kama misa. Mtu anakaa. Kama ana kikohozi anakimeza mpaka mapumziko."

"Na akifurahi?" dada yangu akamuuliza.

"Anapiga makofi mwisho."

"Mwisho! Mpaka huo mwisho si furaha imeshapoa?"

"Mama, mimi nawaambia taratibu zao."

"Haya, karani. Kaa usije ukaanguka ukatuharibia siku."

Hapa inabidi nieleze sisi maigizo tuliyajulia wapi. Tanga ya utoto wangu, vikundi vilikuwa vinapiga kambi kwenye kumbi za baa. Kwanza ngoma, halafu sarakasi, halafu igizo, mwisho taarabu. Igizo lilikuwa la kuliza: mama mkwe mkorofi, mtoto aliyetelekezwa, mgonjwa anayekufa kabla ndugu hawajafika. Na mchezaji akikugusa, ulikuwa hungoji mwisho. Unainuka na noti yako, unapita katikati ya meza, unampachika kwenye paji la uso au unamtia mkononi, unarudi kukaa. Yeye haachi kulia. Anavyotunzwa ndivyo anavyozidi kulia. Makofi yalikuwa ya wanasiasa. Mchezaji aliyelia mpaka akamaliza pasipo mtu kuinuka, huyo alikuwa amefeli, na alijua. Mimi nilipenya kwenye kumbi hizo kupitia dirisha la choo, lakini niliona yote.

Hema la wale watu wa ziwani halikuwa baya. Lingekuwa langu, mlango ungeangalia upande mwingine ili jua la mchana lisiwapige watazamaji usoni, na kamba zisingelegea vile. Nilizungukia nyuma nikazijaribu kwa mguu. Ndani, wenye nyumba za ziwani walikuwa wameshakaa, wazee kwa wingi, kimya, wanajipepea kwa karatasi. Tukaingia sisi, vitenge na udi na watoto, tukajaza upande wa kushoto wote. Mgoa akaenda kukaa nyuma kabisa upande wa kulia, kama mtu aliyekuja kivyake. Niliona pazia likitikisika, sehemu ya jicho ikitokeza. Kisha pazia likatulia kabisa. Nilijua ni nani.

Kisa chenyewe kilikuwa cha familia tajiri inayogombea nyumba ya ziwani. Mama mzee anaumwa kitandani, watoto wake wawili wa kiume wanagombana wauze au wasiuze, na binti yangu alikuwa nesi wa yule mama. Sehemu ya kwanza ilikuwa ya kuchekesha. Wenzetu walicheka kwa wakati wao, sisi tulicheka kwa wakati wetu. Binti yangu alikuwa anaingia na trei, anatoka na trei. Nilimtazama kama ninavyomtazama fundi mpya: anatembea vizuri, hajikwai, anajua vitu viko wapi. Zaidi ya hapo sikuona cha kumfanya mwongozaji ambakize. Nikaanza kupanga moyoni meza yake ya ofisini nitaihamishia dirishani.

Sehemu ya pili, yule mama anakufa. Aliyekuwa akimwigiza alikuwa bibi mwenye nywele nyeupe, mkongwe wa kikundi, na alikufa vizuri, mkono ukateleza ukaning'inia nje ya kitanda. Watoto wake hawapo, wako nje kwenye boti wanagombana. Wanapoingia, nesi ndiye anayewaambia. Hapo ndipo binti yangu alipopewa maneno marefu peke yake. Aliwaambia kwamba mama alikuwa akiwaita tangu asubuhi. Alikuwa akiuliza kila mlango ukilia, ni wao? Na yeye nesi, mwisho wake, akawa anajibu ndiyo, ni wao, wanavua viatu, wanakuja.

Dada yangu Kiingereza hajui zaidi ya cha dukani. Lakini pale alielewa kuliko mimi. Mama yetu alifariki Tanga sisi tukiwa huku, na simu tuliipokea dada akiwa kazini anafua mashuka ya hoteli. Nikasikia akivuta pumzi. Nikasikia mkoba unafunguliwa.

Mke wangu akanishika mkono. "Mzuie."

"Nani aliwahi kumzuia huyu?"

Alishainuka. Alipita mbele ya magoti ya watu, akashika njia ya katikati, anakwenda taratibu kwa mwendo wetu ule wa kutunza, bega moja mbele, noti imenyooshwa juu ya vidole, machozi yanamtoka waziwazi. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya chini akapiga kigelegele kimoja kifupi. Hema zima likageuka. Nilimwona Mgoa kule nyuma amefunika uso kwa kofia.

Jukwaa lilikuwa chini, ngazi moja tu. Dada akapanda. Akampachika binti yangu noti kwenye paji la uso, na kwa sababu paji lilikuwa na jasho, noti ikashika. Kisha akamgeukia yule bibi marehemu. Akamtazama. Akatoa noti nyingine mkobani, akamwekea kifuani, juu ya shuka, akaipigapiga kidogo isipeperuke.

Wale wanaume wawili waliokuwa wakiigiza watoto wa marehemu walisimama midomo wazi. Mmoja alikuwa anamtazama mwongozaji, ambaye alikuwa amesimama kando ya hema, miwani kichwani, mkono mdomoni. Kuna mtu mbele yangu alicheka pumzi moja akanyamaza. Ilikuwa dhahiri kwamba kitakachofuata ndicho kitakachoamua. Binti akitoka kwenye unesi wake akawa binti yangu, akamwambia "Shangazi, shuka," onyesho limekufa, na nafasi yake imekufa nalo. Nililijua hilo nikiwa nimekaa. Wako watu wanaosema mpaka leo kwamba nilipanga. Sikupanga. Wala sikuinuka kusaidia.

Binti yangu alitoa noti kwenye paji taratibu, akaikunja, akaishika. Akaichukua mikono ya shangazi yake, yote miwili. Akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ileile ya nesi, bila haraka: "Asante kwa kuja. Alikuwa akikuulizia na wewe. Unamfahamu tangu mtoto, najua. Hawa ndio wanawe." Akamgeuza akawaelekea wale wanaume. Dada yangu, ambaye kwenye msiba hafundishwi, akawapa mkono mmoja baada ya mwingine, akawaambia "poleni, poleni sana." Yule mkubwa wao akainamisha kichwa akasema asante. Alikuwa ameshaelewa. Binti yangu akamshika dada kiwiko, akamshusha ngazi, akamwonyesha njia.

Kwisha? Haikuisha. Watu wa Dixon wakaona mfululizo umeanza, na msiba una mfululizo wake. Wakainuka mmoja mmoja. Wanawake wakatunza, wanaume wakatoa mkono na noti ndani ya kiganja, kama rambirambi inavyotolewa. Nesi anawapokea mlangoni pa chumba cha marehemu, anawapitisha, anawashukuru. Mzee mmoja Mzungu wa mstari wa mbele, kaptula na soksi ndefu, alitazama kulia, akatazama kushoto, akainuka akajiunga. Akawapa mkono wale wanaume, akaweka noti yake kitandani. Mkewe akamfuata. Yule bibi muda wote hakutikisika hata kope.

Wa mwisho alipokaa, binti yangu alifunika uso wa marehemu kwa shuka, noti na vyote, akageuka akasema maneno yake yaliyobaki kama yalivyoandikwa. Wakaendelea kugombea nyumba mpaka mwisho. Lakini hawakuigombea kama mwanzo. Walikuwa wamechoka, kama wafiwa wanavyochoka wakishapokea watu.

Baada ya hapo tukatoka kwenye majani nyuma ya hema. Binti yangu alinijia bado na kofia ya unesi. Aliniuliza kwa Kiswahili, jambo ambalo hulifanya akiwa amekasirika tu.

"Baba. Umefanya makusudi?"

"La."

"Niambie ukweli. Ulitaka nishindwe."

"Nilitaka urudi ofisini. Hilo halijawahi kuwa siri. Lakini shangazi yako situmi mimi. Shangazi yako anajituma."

Dada akadakia, "Nitumwe na huyu? Huyu niliyemfuta kamasi?"

Binti yangu hakucheka. Alikuwa anamtazama mwongozaji anayekuja. Mwanamke yule alikuwa mwembamba, mkavu, hana haraka. Alisimama akatutazama sisi sote, basi zima, kisha akamwuliza binti yangu peke yake nani alimwambia afanye vile.

"Hakuna," binti yangu akasema. "Amekuja mtu msibani. Nesi angempokea."

"Sehemu ya pili imezidi muda wake."

"Najua."

"Hao wawili nimekuwa nikiwaambia tangu Juni wasimame kama watu waliofiwa. Wameshindwa mpaka leo."

Yule bibi marehemu alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, anafuta poda ya mauti usoni, noti ya dada imechomoza kwenye mkono wa gauni lake. Akasema bila kuinua kichwa, "Nimekufa kwenye kitanda kile mwezi mzima. Leo ndiyo mara ya kwanza watu wamekuja."

Mwongozaji akashusha miwani kutoka kichwani, akaivaa. "Jumanne saa nne, mazoezi ya safari ya vuli. Usichelewe," akamwambia binti yangu. "Na hizo fedha warudishieni wageni."

Binti yangu akatafsiri hilo la mwisho. Dada akarudi nyuma hatua nzima. "Nirudishiwe? Nimemtunza, sijamkopesha. Mwambie bosi wako asinitukane."

Hakutafsiri hilo. Alinigeukia mimi, mbele ya wote, sambusa mkononi mwa kila mtu, Mgoa naye amejitokeza sasa akiwa mtu wetu tena. "Baba. Sema."

"Niseme nini? Umesikia mwenyewe, umebakizwa."

"Sema ulichoahidi."

Nimesimamisha mahema kwenye upepo ambao wenzangu walikimbia. Nimebishana na maofisa wa zimamoto nikashinda. Sikuona sababu ya jambo lile kunichukua muda, lakini lilinichukua. Nikasema, "Nenda. Sitanuna." Mgoa akasema, "Tumesikia wote," kama karani anayegonga muhuri. Binti yangu akaitikia kwa kichwa, akaenda kukusanya viti, maana mwanagenzi ndiye anayekusanya viti.

Kwenye basi dada alikaa kiti cha nyuma yangu. Tulipofika barabara kuu akasogeza mdomo sikioni pangu.

"Sasa ofisini utamweka nani?"

"Watu wako wengi."

"Wenye sauti ile?"

Akanipa sambusa.

Jumatatu nilifungua ofisi mwenyewe. Simu ya kwanza ilikuwa ya bibi harusi mtarajiwa wa Richmond Hill, Kiingereza chake kinakwenda mbio, anataka vitambaa vya meza vya rangi fulani ambayo mpaka leo sijui ni rangi gani. Nilimwomba arudie. Akarudia. Nikamwambia ipo.